Rangi Isiyo na Kwao

Katikati ya miaka ya 1990, mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya Sun katika maabara ya chuo kikuu aliweza kukutana na kioja hiki siku yoyote. Anafungua kivinjari cha Netscape apitie habari, kisha anafungua waraka wa PDF wenye picha. Waraka unamjia umechakaa: anga iliyopaswa kufifia taratibu imekuwa mapande ya zambarau na kijivu, na nyuso za watu zimejaa madoa. Au picha inakuja safi, lakini kishale cha kipanya kikiingia tu kwenye dirisha lake, kila kitu kingine kiooni kinageuka waridi na kijani kikali. Akirudisha kishale kwenye Netscape, mambo yanapinduka: Netscape inatengemaa, waraka unaharibika. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, na kila programu ilikuwa ikifuata kanuni zake barabara.

Chanzo kilikuwa bei ya kumbukumbu. Kioo cha kawaida cha Sun kilikuwa na nukta 1152 kwa 900, zaidi ya milioni moja, na kila nukta ilitengewa baiti moja. Baiti moja hubeba thamani 256, basi. Mfumo wa madirisha uitwao X, ambao toleo lake la 11 lilitoka MIT mwaka 1987, ulikabili uhaba huo kwa kuweka jedwali la nafasi 256. Kila nafasi iliweza kujazwa rangi yoyote kati ya milioni 16 na ushei, ila kwa wakati mmoja kioo hakikuonyesha zaidi ya hizo 256. Jedwali lilikuwa la wote. Aliyetangulia alishiba, aliyechelewa alipata makombo, na Netscape na mapicha yake ilikuwa na desturi ya kutangulia.

Derek Noonburg, aliyeanza kuitoa programu ya kusomea PDF iitwayo xpdf mwaka 1995, aliliwekea tatizo hili dawa mbili, na zote zilielezwa katika mwongozo wa programu hiyo. Ya kwanza ni swichi iliyoandikwa -rgb. Xpdf ilipoanza kazi ilijaribu kujitwalia mchemraba wa rangi: ngazi 5 za nyekundu, 5 za kijani na 5 za buluu, jumla 125. Ikinyimwa, ilishuka hadi ngazi 4, yaani rangi 64. Ikinyimwa tena, 27. Mtumiaji aliyetaka kuziachia programu nyingine nafasi aliweza kuitajia namba ndogo tangu mwanzo. Ya pili ni -cmap, iliyoipa xpdf jedwali lake binafsi lenye nafasi zote 256. Hapo picha ilipendeza. Lakini kadi ya video ilishika jedwali moja tu kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu kioo kizima kilibadilika rangi kila kishale kilipovuka kutoka dirisha moja kwenda jingine. Dawa ya kwanza iliumiza waraka, ya pili ikaumiza majirani.

Kwenye Windows mambo yalikuwa na utaratibu zaidi: katika zile 256, mfumo ulijihifadhia rangi 20 kwa ajili ya mipaka ya madirisha na vitufe vyake, na Netscape ikajipangia 216, mchemraba wa 6 kwa 6 kwa 6. Wabunifu wa kurasa za wavuti wa enzi hiyo walizijua 216 hizo kwa moyo. Kisha kumbukumbu ikashuka bei. Kufikia mwisho wa muongo, kadi ya kawaida ilikuwa na uwezo wa kuipa kila nukta baiti tatu, jedwali likawa halina kazi, na swichi za Noonburg zikabaki mwongozoni kama ushahidi wa enzi iliyopita.

Wengi waliamini kwamba kisa cha rangi kimekwisha. Ukweli ni kwamba uhaba wa nafasi ulikuwa umeficha swali zito zaidi. Sasa kila programu iliweza kuomba rangi yoyote iitakayo na kupewa. Lakini rangi ndani ya faili ni namba tu. Namba 200, 30, 30 ni nyekundu, sawa. Ni nyekundu ya kioo kipi? Nyekundu ya wino upi, juu ya karatasi gani? Namba isiyo na majibu hayo haina kwao, na karibu kila hitilafu ya rangi inayowasumbua wasomaji wa nyaraka leo inaanzia hapo: faili imenyamaza, programu imelazimika kukisia, na programu mbili zimekisia tofauti.

PDF ilizaliwa na ukimya huo. John Warnock, aliyeanzisha Adobe pamoja na Charles Geschke mwaka 1982, aliandika mwaka 1991 waraka mfupi wa ndani kuhusu mradi aliouita Camelot. Alitaka nyaraka ziweze kutoka kwenye programu yoyote, zitumwe popote, zionekane na kuchapwa kwenye mashine yoyote bila kubadilika sura. Tunda lake, Acrobat, liliingia sokoni Juni 1993. Kwa upande wa herufi na mpangilio wa ukurasa, ahadi ilitimia kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla. Kwa upande wa rangi, toleo la kwanza la PDF liliandika namba tupu, bila kutaja kwao. Wachapaji, ambao wino wao ni saiani, majenta, njano na nyeusi, walisubiri hadi toleo la 1.2 mwaka 1996 ndipo PDF ikaanza kuwafaa kazini.

Swali la kwao kwa rangi lilikuwa na jibu zamani, ila halikuwa kwenye kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920, William David Wright wa Imperial College, London, aliwaketisha watu 10 mbele ya chombo alichokiunda. Mtazamaji aliona duara dogo lililogawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ilimulikwa kwa mwanga wa rangi moja safi. Ya pili ilikuwa chini ya mikono yake, akizungusha vidhibiti vya taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, hadi mpaka kati ya sehemu hizo upotee machoni. Kila ulipopotea, Wright aliandika kiasi cha kila taa. Duara lilichukua pembe ya nyuzi mbili, karibu upana wa dole gumba mkono ukinyooshwa. John Guild wa Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington alifanya jaribio kama hilo akiwa na watazamaji 7, bila wawili hao kushirikiana. Matokeo yao yalipowekwa pamoja yalipatana kiasi cha kuwashangaza wenyewe.

Septemba 1931, Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, ilikutana Cambridge na kuyafanya macho ya watu hao 17 kuwa jicho la kupimia rangi duniani kote. Tangu hapo rangi iliweza kutajwa kwa namba zisizotegemea taa, wino wala kioo. Zinategemea jicho la binadamu tu. Hatua hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kila mara programu ya leo inapotafsiri rangi kutoka kwenye kichanganuzi kwenda kwenye printa, inapitia kwanza kwa Wright na Guild.

Ilichukua miaka 62 kwa namba hizo kuingia kwenye mafaili ya watu wa kawaida. Mwaka 1993, mwaka uleule wa Acrobat, kampuni nane, miongoni mwake Adobe, Apple, Kodak, Agfa, Microsoft na Sun, ziliunda umoja uliokuja kuitwa ICC. Walikubaliana juu ya profaili ya rangi: jedwali dogo linaloambatana na picha au kifaa, likieleza kila namba ya kifaa hicho ni rangi ipi kwa kipimo cha CIE. Apple ilikuwa na mfumo wake tayari, ColorSync, na mpangilio wa ICC ulifuata nyayo zake kwa karibu.

Profaili ziliwafaa wenye studio na viwanda vya uchapaji. Mtu wa kawaida hakuwa na habari nazo, na intaneti ilikuwa ikifurika picha zisizo na maelezo yoyote. Kwa hiyo mwaka 1996 wahandisi wa HP na Microsoft walipendekeza njia ya mkato waliyoiita sRGB: namba isiyojitaja kwao ichukuliwe kuwa ni ya kioo fulani cha wastani. Walikieleza kioo hicho kinagaubaga, mpaka mazingira yake: mwangaza wa kandela 80 kwa mita ya mraba, chumba chenye mwanga hafifu wa laksi 64. Kiwango kikawa rasmi mwaka 1999. Ofisi nyingi za Mombasa au Dar es Salaam saa nane mchana, madirisha wazi, ziko mbali mno na chumba hicho, na ndiyo sababu moja ya rangi kuonekana zimepauka hata pale ambapo namba zote ni sahihi.

Hata kioo cha wastani hakikukubaliwa na wote mara moja. Kompyuta za Macintosh zilitumia gama (kipimo cha jinsi namba zinavyogeuzwa kuwa mwangaza) ya 1.8, iliyochaguliwa zamani ili kijivu cha kioo kilingane na kijivu cha printa za Apple, wakati ulimwengu wa Windows ulikuwa kwenye 2.2. Picha iliyotengenezwa kwenye Macintosh na kutumwa bila profaili ilifika kwenye Windows ikiwa nzito na yenye giza, na iliyofanya safari ya kurudi ilionekana imefuliwa. Apple ilihamia 2.2 kwenye toleo la Snow Leopard mwaka 2009. Ugomvi huo uliwachosha wabunifu kwa miaka mingi.

Toleo la 1.3 la PDF, lililokuja na Acrobat 4 mwaka 1999, liliruhusu profaili za ICC kuingizwa ndani ya waraka wenyewe. Tangu siku hiyo kila rangi ya PDF iliweza kutaja kwao. Iliweza; haikulazimishwa. Mfumo wa zamani wa kuandika kiasi cha wino bila maelezo mengine uliachwa uendelee, kwa sababu viwanda vilikuwa vimejenga kazi zao juu yake, na ndipo shida za leo zinapochipukia.

Chukua saiani asilimia 100, wino mwingine wote sifuri. Njia rahisi ya kuibadilisha iwe rangi ya kioo ni kutoa tu: wino unaokula nyekundu yote unaacha kijani na buluu, basi jibu ni 0, 255, 255. Hiyo ni rangi kali inayochoma macho, na hakuna wino duniani unaoweza kuitoa kwenye karatasi. Programu inayopitia profaili ya uchapaji wa Marekani, iitwayo SWOP, itajibu 0, 174, 239, buluu tulivu iliyo karibu na kile kitakachotoka mashineni. Faili ni moja, namba ni moja, na watu wawili wanaotazama programu mbili wanaweza kubishana kutwa nzima, kila mmoja akiwa na ushahidi mbele yake.

Mteja anayeleta kadi ya harusi kwenye flashi katika duka la uchapaji la Kariakoo au River Road hukutana na ubishi huohuo. Ameiona kadi kwenye simu, buluu inang'aa. Mwenye duka anaifungua kwa Acrobat, buluu imetulia. Karatasi inatoka na buluu iliyotulia zaidi, na lawama inamwangukia mwenye printa, mtu asiye na kosa hata moja katika kisa kizima.

Nyeusi nayo ina kesi yake. Maandishi yaliyowekwa wino mweusi asilimia 100 peke yake, yakipitishwa kwenye profaili ya SWOP, huonekana kiooni kama 35, 31, 32, kijivu cha mkaa. Mbunifu anaongeza wino mwingine ili "iwe nyeusi kweli", na sasa kila herufi ndogo inahitaji sahani nne za chapa zikae sawasawa mahali pamoja. Zikipishana kidogo tu, kingo za herufi zinatoa kivuli cha rangi. Marekebisho yaliyofanywa kwa ajili ya macho yameharibu kitu kilichokuwa sahihi. Programu za Adobe zina sehemu ya mipangilio inayoruhusu nyeusi ionyeshwe nyeusi kabisa kiooni bila kugusa faili, na mafundi wazuri huanzia hapo.

Hitilafu inayotisha kuliko zote ni ile ya picha kugeuka kinyume: meno meusi, ngozi ya buluu, anga la rangi ya chungwa, kama mkanda wa negativu. Chanzo chake kinajulikana vizuri. Photoshop ilipoandika picha za JPEG zenye wino nne, iliziandika kichwa chini: sifuri ikiwa na maana ya wino kamili. Kundi la watunzi wa maktaba ya JPEG inayotumika karibu kila mahali lilitoa onyo kuhusu jambo hili kwenye maelezo yake, likisema jambo lenyewe laweza kuhesabiwa kosa la Photoshop, na likaeleza kwamba haliwezi kulirekebisha ndani ya maktaba bila kuziharibu programu nyingine, hasa Ghostscript, programu ambayo L. Peter Deutsch aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Kwa hiyo kila mtunzi wa programu ya kusomea nyaraka aliachiwa kazi ya kutambua alama ya Adobe ndani ya picha na kuipindua mwenyewe. PDF ina mahali pa kutamka jambo hilo wazi: ufunguo uitwao Decode, ukifuatwa na 1 0 1 0 1 0 1 0, unaiambia programu isome kila wino kinyumenyume. Programu inayousahau inaonyesha mizimu. Inayoupindua mara mbili, kwa kufuata alama na ufunguo pamoja, inaonyesha mizimu pia.

Hadi hapa kosa liko kwenye faili au kwenye programu. Kuna upande wa tatu. Windows hutunza profaili ya kila kioo, na zimewahi kusambazwa profaili mbovu za watengenezaji wa vioo kupitia masasisho ya mfumo wenyewe. Programu inayoheshimu profaili inaitii ile mbovu, na karatasi nyeupe inatoka ya manjano. Programu ya jirani isiyojali profaili kabisa inaonyesha weupe safi. Mtumiaji anamlaumu mtiifu. Dawa ni kuingia kwenye usimamizi wa rangi wa Windows, kuondoa profaili ya kioo na kuweka sRGB kuwa ya msingi. Weupe unarudi baada ya programu kufunguliwa upya. Miaka ya karibuni pia umeongezeka umanjano wa makusudi: f.lux ya mwaka 2009, Night Shift ya Apple ya 2016, na kichujio cha usiku cha Windows kilichofuata. Watu wengi hukiwasha mara moja na kukisahau.

Kutokana na historia hii yote, mafundi wamejijengea utaratibu wa kutafuta kosa, na utaratibu huo ni kioo cha historia yenyewe. Kwanza wanaufungua waraka uleule kwa programu nyingine kwenye kompyuta ileile. Rangi ikibadilika, ubishi uko kati ya makisio ya programu mbili. Isipobadilika, wanaupeleka kwenye kompyuta nyingine. Wanaiamuru kompyuta yenyewe ipige picha ya kioo chake, kisha wanaitazama picha hiyo kwenye simu: umanjano usipoonekana kwenye picha, kwa kawaida ni kichujio cha usiku au kioo chenyewe. Wanaangalia mipangilio ya watu wenye uoni hafifu, kwa maana Acrobat inaweza kubadili rangi zote za waraka kwa ajili yao, na kisanduku kimoja kilichobonyezwa kwa bahati mbaya kinatosha kuugeuza ukurasa kuwa mweusi. Mwisho wanaingia ndani ya faili kutazama kila picha imeandikwa kwa mfumo upi, na kama ina profaili. Wanaoanzia hapa mwishoni hupoteza siku nzima kutafuta ndani ya faili kosa lililokuwa kwenye taa ya kioo.

Vyombo vya viwango vimejaribu kuuziba ukimya. PDF/X, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2001, inadai waraka unaokwenda kiwandani utaje hali ya uchapaji uliokusudiwa. PDF/A, ya mwaka 2005, iliyotungwa kwa ajili ya hifadhi za nyaraka, inakataza rangi isiyojulikana kwao: ama profaili iwepo, ama waraka mzima utaje moja. Sheria hizo ni nzuri, na hifadhi yoyote ya taifa inayopokea nyaraka leo ingefanya vyema kuzishika. Lakini waraka mwingi unaozunguka kwenye barua pepe na WhatsApp haukupita kwenye sheria hizo, na hufunguliwa ndani ya kivinjari.

Kivinjari kimojawapo ni Firefox. Mwaka 2011 watu wa Mozilla walianza kuandika PDF.js, programu ya kusomea PDF kwa lugha ya JavaScript peke yake, na Februari 2013 iliingia rasmi kwenye Firefox 19. Kwa miaka mingi haikusoma profaili za ICC. Ilipokutana nayo iliiweka kando, ikahesabu tu kama rangi ina sehemu tatu au nne, na ikaendelea. Kwa zile za wino nne, watunzi wake walichukua jedwali la SWOP, wakatafuta kwa hesabu fomula inayolikaribia, na vigawo vyake viliandikwa wazi ndani ya msimbo, desimali ndefu ndefu mstari baada ya mstari. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu, na ilileta picha nzuri kuliko ile njia ya kutoa tu. Ila gazeti la Ujerumani lililoandaliwa kwa vipimo vya Fogra, taasisi ya uchapaji ya nchi hiyo, na bango la Nairobi lililoandaliwa kwa vipimo vyovyote vile, kwenye kivinjari hicho yote mawili yalionyeshwa kwa wino na karatasi ya majarida ya Marekani.